Jiwe Lililolegea Katika Tangi la Maji ya Chumvi: Namna ya Kulikaza Majini na Haki za Mlaji

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa kwa walaji wanaotunza samaki wa mapambo)



Mada yetu ya leo yaweza kuonekana ndogo mbele ya mambo mengine yanayomsumbua mlaji, kama vile mizani iliyochezewa, dawa bandia au bei isiyoandikwa. Leo tunazungumzia jiwe moja lililolegea ndani ya tangi la samaki wa maji ya chumvi, namna ya kulikaza bila kulitoa majini, na wajibu wa aliyeliuza. Tumeichagua mada hii kwa sababu tunadaiwa maelezo.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu na mkazi wa Dar es Salaam, aliwahi kutupigia simu. Alikuwa amenunua tangi la lita 300 pamoja na mawe, na mafundi wa dukani ndio waliompangia. Alisema kwamba jiwe la juu linacheza likiguswa, akauliza kama duka lina wajibu wa kurudi kulikaza. Tulimjibu kwa adabu kwamba bidhaa haijaharibika, na kwamba malalamiko hupokelewa pale hasara inapokuwa imetokea. Jibu lile lilifuata utaratibu wetu wa wakati ule, lakini halikuwa jibu jema.

Wiki chache baadaye, usiku, jiwe liliporomoka na kugonga kioo cha mbele. Kioo kikapata ufa, ufa ukafunguka, na maji yakatanda sakafuni hadi kwenye ekstensheni iliyokuwa imelazwa chini ya meza. Mjukuu wake alizoea kutandika mkeka karibu na tangi ili atazame samaki hadi usingizi umchukue. Usiku ule alikuwa amekwenda kulala kwa shangazi yake. Kwa sababu hiyo tu, faili tulilofungua asubuhi yake lilihusu kioo, samaki na zulia, wala halikuhusu mtoto.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yale ambayo tungepaswa kumwambia mzee yule katika simu ya kwanza, tumekuja kuwaambia ninyi leo.

Uzito tunaousahau

Tuanze na hesabu. Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 50 huchukua lita 300. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji ya mvua: lita moja ina uzito wa takribani kilo 1.025. Kwa hiyo maji peke yake ndani ya tangi hilo yana uzito wa karibu kilo 307, kabla ya kuhesabu mchanga, mawe na kioo chenyewe. Uzito wote huo umezuiwa na vioo vilivyounganishwa kwa silikoni. Kioo huvumilia msukumo wa maji ulioenea sawasawa kwa miaka mingi. Kisichovumilia ni pigo la ncha ngumu mahali pamoja.

Hesabu ya pili huwashangaza wengi. Jiwe lililozama huonekana jepesi kuliko lilivyo. Chukua jiwe lenye kilo 8 nchi kavu na ujazo wa lita 4. Likiwa majini husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji liliyoyaondoa, yaani kilo 4.1, na mkono wako utahisi kilo 3.9 tu. Hii ni neema unapolipanga, lakini pia ni mtego. Siku utakapopunguza maji ili usafishe tangi, jiwe lile litarudia uzito wake kamili, na gundi iliyokuwa ikihimili kilo 3.9 itatakiwa kuhimili 8. Mawe mengi yaliyobandikwa vibaya huanguka siku ya kubadilisha maji, mwenye tangi akiwa ameingiza mkono ndani.

Kwa nini jiwe hulegea

Sababu ya kwanza ni mchanga. Fundi mwenye haraka humwaga mchanga kwanza, kisha hupanga mawe juu yake. Siku hiyo hupendeza. Lakini ndani ya tangi wamo samaki na kamba wa baharini ambao kazi yao ya kila siku ni kuchimba. Huondoa mchanga chembe kwa chembe chini ya jiwe hadi msingi wote unakuwa pango. Pampu nayo husukuma maji pembeni mwa jiwe na kuuhamisha mchanga uliobaki. Ndiyo maana tunashauri mawe ya chini yakae juu ya sakafu ya tangi yenyewe, yakitanguliwa na bamba jembamba la plastiki ili yasikwaruze kioo, na mchanga umwagwe baadaye kuyazunguka.

Sababu ya pili ni mpangilio. Jiwe linalokaa kwa ncha mbili huyumba. Linalokaa kwa ncha tatu zilizotawanyika hutulia. Mama zetu walilijua hilo walipoweka mafiga matatu, wala si mawili. Sababu ya tatu ni viumbe wenyewe: konokono, kaa na wale wenye miiba mirefu hupenya katikati ya mawe usiku na kuyasukuma. Sababu ya nne ni mikono yetu tunaposugua kioo na kugonga jiwe bila kukusudia.

Jenga tabia ya kukagua kila mwezi. Gusa kila jiwe kwa kidole kimoja, taratibu. Likicheza, andika tarehe na upange kulikaza. Tazama pia kama mchanga umerundikana upande mmoja, kama kioo kina mikwaruzo mipya, na kama kuna jiwe lililosogea hadi kukiegemea kioo. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kati ya mawe na kioo kila upande. Nafasi hiyo hukusaidia kusafisha, na jiwe likianguka, litaangukia mchanga.

Kwa nini tusilitoe nje

Mtu atauliza: kwa nini tusilitoe jiwe, tukalikausha, tukalibandika vizuri mezani? Kwa jiwe jipya lisilo na uhai, hilo ndilo jambo bora. Lakini jiwe lililokaa majini kwa miezi limekuwa makazi. Ndani ya vitundu vyake wanaishi bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki, yaani amonia, kuwa kitu kisicho na sumu kali. Juu yake huota sifongo, ambazo hudhurika zikipigwa na hewa hata kwa muda mfupi. Ukilianika jiwe hilo juani, unaua wanaolisafisha tangi lako, na ukilirudisha majini, mizoga yao huoza na amonia hupanda. Kwa sababu hiyo kazi ya kukaza jiwe lililokwisha kuzoea hufanywa palepale chini ya maji.

Hapa tunatoa onyo moja ambalo tungependa likumbukwe hata kama mengine yote yatasahauliwa. Usichemshe jiwe lililotoka katika tangi la maji ya chumvi, kwa lengo la kulisafisha wala kwa lengo jingine lolote. Juu ya mawe hayo huweza kuota viumbe laini, wa duara, wanaofanana na vifungo vya nguo. Baadhi yao wana sumu iitwayo palitoksini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali zinazojulikana katika viumbe vya baharini. Mvuke wa jiwe linalochemshwa umewahi kuwafikisha hospitali watu wa familia nzima katika nchi za nje. Viumbe hao wasikwanguliwe kwa mikono mitupu wala kwa kisu kinachorusha majimaji usoni. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, kisha nawa vizuri.

Hatua za kulikaza

Kwanza, zima umeme na uchomoe plagi zote: pampu, taa na kipasha joto. Kipasha joto kiache kipoe kwa dakika 15 hadi 30 kabla ya kupunguza maji, kwa kuwa kikiwa cha moto na kikakutana na hewa, kioo chake hupasuka. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana, basi asiingize mkono mtu yeyote wakati kifaa kimeungwa na umeme. Samaki wasikose hewa wakati pampu zimezimwa: pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, ikiwa nje ya maji na mpira wake tu ndani, hutosha.

Pili, andaa mikono. Isiwe na sabuni, losheni wala dawa ya mbu. Vaa glavu ndefu za mpira zisizo na poda. Mwenye jeraha au mkwaruzo asifanye kazi hii. Maji ya chumvi yenye joto hukaliwa na bakteria wanaoweza kuingia kwenye kidonda na kuleta madhara makubwa.

Tatu, literemshe jiwe linaloyumba hadi mchangani, polepole, baada ya kuhakikisha hakuna samaki aliyejificha chini yake. Watu wengi hukosea hapa. Huliacha jiwe pale linapoyumba, wakasukuma gundi kwenye ufa wakitumaini litashika. Kanuni yetu ni hii: gundi hushikilia kilichokwisha kusimama, haisimamishi kinachoanguka.

Nne, ligeuzegeuze jiwe bila gundi hadi upate mkao wa ncha tatu, linapokaa lenyewe ukiondoa mkono. Ukikosa mkao huo, tafuta jiwe dogo ulitumie kama kabari. Ukikosa na kabari, jiwe hilo lina umbo lisilofaa mahali hapo, na halistahili kuwa juu. Liweke chini.

Tano, safisha sehemu mbili zitakazokutana. Tumia mswaki mpya ambao haujawahi kupakwa dawa ya meno, uondoe mwani na utelezi, huku ukifyonza uchafu kwa mpira mwembamba. Gundi iliyopakwa juu ya mwani hushika mwani, haishiki jiwe.

Sita, kanda epoksi ya aina ya kinyunga, ile yenye sehemu mbili zinazochanganywa kwa vidole. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo hadi rangi iwe moja, bila mistari. Tengeneza donge lisilozidi yai la kuku kwa mara moja. Likandamize kwenye vitundu vya jiwe la chini kama fundi anavyojaza ufa wa ukuta, kisha kalisha jiwe la juu, lizungushe kidogo, na ulishikilie kwa dakika chache. Tambua kwamba epoksi haing'ang'anii jiwe lenye maji kama inavyong'ang'ania mbao kavu. Nguvu yake hutokana na kuingia vitunduni na kugumu humo kama ufunguo katika kitasa. Ndiyo maana kukandamiza ni muhimu kuliko wingi.

Saba, acha jiwe bila kuguswa kwa saa 24, au kwa muda uliotajwa kwenye lebo kama ni mrefu zaidi. Pampu iliyoelekezwa upande ule iendelee kugeuzwa kwingine kwa muda wote huo.

Nane, angalia maji. Epoksi mpya huweza kuyatia ukungu, na kile chombo kinachoondoa uchafu kwa njia ya povu huweza kutoa povu jingi hadi kufurika. Kizime au umwage kikombe chake mara kwa mara. Weka mkaa maalumu wa kuchujia, badilisha sehemu ya kumi hadi ya tano ya maji, na upime amonia kesho yake. Kama mawe ni mengi, gawa kazi kwa siku kadhaa. Usitumie pakiti nzima kwa mara moja katika tangi dogo.

Gundi ipi, na ipi siyo

Sokoni kuna gundi za kila namna, na muuzaji anaweza kukuhakikishia kwamba zote ni sawa. Hazilingani.

Epoksi ya kinyunga inayogumu majini inafaa, mradi lebo iseme kwamba ni salama kwa matangi ya samaki. Zile za kuzibia mabomba na matangi ya magari mara nyingi huchanganywa na unga wa chuma. Unga huo hushika kutu katika maji ya chumvi.

Supaglu ya aina ya jeli hushika upesi inapokutana na unyevu. Inafaa kwa vipande vidogo, lakini ni dhaifu inaposukumwa upande na huvunjika kwa pigo. Watunzaji wenye uzoefu huiunganisha na epoksi: jeli kidogo juu ya jiwe, donge la epoksi, na jeli tena kwenye jiwe la pili. Jeli hushika haraka, na epoksi hubeba kazi ya kudumu.

Silikoni haifai kubandikia majini. Inahitaji sehemu kavu na muda wa kukauka hewani, na ile ya kawaida hutoa asidi yenye harufu kama ya siki inapokauka. Silikoni za bafuni zilizotiwa dawa ya kuzuia ukungu zisitumike kabisa, maana dawa inayoua ukungu haiwabagui viumbe wengine.

Saruji hutumika kuunda mawe nje ya tangi, na baada ya hapo sharti yalowekwe, kwa kawaida kwa wiki kadhaa na maji yakibadilishwa, hadi yaache kupandisha pH. Maji ya tangi la chumvi hutakiwa kuwa na pH ya karibu 8.1 hadi 8.4. Saruji mbichi huipandisha kupita kiasi hicho.

Waya na misumari viepukwe. Chuma hushika kutu, hata kile kiitwacho kisichoshika kutu huliwa na chumvi kadiri muda unavyopita, na shaba ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo. Panapohitajika kufunga, tumia zile kamba za plastiki za kubania nyaya. Panapohitajika nguzo, toboa mawe mapya kabla hayajaingia majini na upitishe fimbo ya plastiki au ya nyuzi za kioo. Fremu ya mabomba ya plastiki iliyotobolewa matundu ili maji yapite huweza kubeba mawe makubwa vizuri kuliko gundi yoyote.

Mwisho, usibandike jiwe kwenye kioo. Jiwe na kioo vikiwa kitu kimoja, kila msukumo wa jiwe huwa msukumo wa kioo.

Jiwe limetoka wapi

Sisi watu wa pwani tuna historia ndefu na jiwe la baharini. Misikiti na majumba ya Kilwa Kisiwani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, na mafundi wa zamani walijua aina inayochongeka vizuri ingali mbichi na kugumu baadaye. Urithi huo tunauheshimu. Lakini ruhusa ya jana si ruhusa ya leo. Mwamba wa matumbawe ni mazalia ya samaki na kinga ya fukwe zetu dhidi ya mawimbi. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inalinda maeneo kama Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, na kisiwa cha Mbudya kilicho jirani na Dar es Salaam ni eneo tengefu. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake; kuyavusha mpaka kunahitaji kibali.

Kwa hiyo usiokote jiwe mwambani, na usinunue kwa mtu anayekuletea jiwe ndani ya kiroba akikwambia usiulize. Muuzaji halali anaweza kuonyesha nyaraka. Mawe ya kutengenezwa yanapatikana, yana umbo unaloweza kulichagua, na hukaliwa na bakteria wale wale kadiri muda unavyopita. Jiwe lenye umbo zuri la kukaa halihitaji gundi nyingi.

Haki na wajibu

Turudi kwa mwalimu mstaafu. Tulipokagua faili lake, tulikuta risiti iliyoandikwa "tangi na vifaa", bila kutaja mawe, gundi wala kazi ya kupanga. Duka lilidai kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyesogeza jiwe. Mabaki ya gundi yaliyokuwa kwenye jiwe yalikuwa silikoni, ambayo ilibanduka kwa ukucha. Mzee hakuwa na silikoni nyumbani, na hilo ndilo lililomsaidia. Pande mbili zilikubaliana: duka lililipa kioo na sehemu ya gharama nyingine. Samaki hawakurudi, na hakuna makubaliano yaliyoweza kuwarudisha.

Yapo mambo tunayomtaka kila mlaji ayafanye ili asitegemee bahati kama ile. Dai risiti inayotaja kila kitu: tangi, aina ya kioo, mawe na uzito wake, jina la gundi, na kazi ya ufungaji. Dai maelekezo kwa lugha unayoielewa. Uliza maswali haya kabla hujalipa: Je, mawe ya chini yanakaa juu ya sakafu ya tangi au juu ya mchanga? Yamebandikwa kwa nini? Nani atarudi kuyakaza yakilegea, na kwa muda gani? Gusa mawe wewe mwenyewe mbele ya fundi kabla hajaondoka. Hifadhi pakiti ya gundi hata ikiisha.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Fundi anayekuambia kwamba gundi ya bafuni ni ya tangi la samaki hafanyi mzaha, anapotosha. Nawe una wajibu: kufuata maelekezo, kukagua, na kutoa taarifa mapema kwa maandishi. Ujumbe mfupi wa simu wenye tarehe ni maandishi.

Panga chumba kwa kudhani kwamba siku moja maji yatamwagika. Ekstensheni isilale sakafuni. Nyaya zishuke chini kisha zipande kuelekea soketi, ili tone la maji lianguke kabla halijaifikia. Fundi umeme aliyesajiliwa afunge kifaa kinachokata umeme wenyewe pale unapovuja. Na mtoto asilale mbele ya tangi.

Maji yakimwagika, usikanyage maji. Zima swichi kuu kwanza, kisha okoa samaki kwa ndoo safi yenye maji yale yale ya tangi na pampu ya hewa. Piga picha kabla ya kufagia. Weka kando jiwe lililoanguka, vipande vya kioo na mabaki ya gundi. Hivyo ndivyo vitakavyokusemea.

Hitimisho

Baada ya shauri lile, tulibadili utaratibu wetu. Mlaji anayetupigia simu kueleza hatari ambayo bado haijaleta hasara sasa hufunguliwa faili siku hiyo hiyo, na muuzaji huandikiwa barua. Hatulisemi hili kwa kujisifu. Lilitupasa kulifanya mapema.

Mzee aliwasha tangi jingine mwaka uliofuata. Lina mawe machache, yaliyokaa juu ya sakafu ya tangi, kwa ncha tatu tatu. Tulipomtembelea, mjukuu wake ndiye aliyetuonyesha namna anavyoyakagua kila mwezi kwa kidole kimoja, babu yake akiwa ameshika daftari la tarehe. Mkeka wake ulikuwa umehamishiwa upande wa pili wa chumba, mahali ambapo samaki bado wanaonekana vizuri.

Nanyi mkifika nyumbani, chomoeni plagi, ingizeni mkono polepole, na mguse jiwe la juu. Likicheza, msingoje. Tupigieni simu, safari hii tutawajibu vizuri zaidi.